Nimeacha pombe, lakini mkutanoni nilikimbia

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msusi, nina saluni ndogo huku Bamburi. Mume wangu ni dereva wa trela, anapeleka mizigo Malaba na wakati mwingine anavuka hadi Kampala, kwa hivyo wiki nyingi nyumba na watoto wawili naishika peke yangu. Nakuandikia wewe kwa sababu hunijui.

Pombe nilianza kama wengi, harusini na mwisho wa mwezi. Baadaye ikawa kila Jumamosi tukishafunga. Mama yangu alipofariki ndipo nilipohamia kwenye mvinyo mkali. Nilikuwa nanunua kota asubuhi, naimimina kwenye chupa ya chai, nanywa kwa kikombe huku nasuka, wateja wakidhani ni chai ya rangi. Nikiamka mikono inatetemeka, kitana hakishikiki mpaka nitoe loki, yaani ninywe kidogo kwanza. Msichana anayenisaidia alijua. Alikuwa ananitilia peremende mkononi kabla mteja hajaketi, na hatukuwahi kulizungumza.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, niliamua kuacha. Nikajifungia nyumbani. Siku ya pili nilianguka jikoni nikatetemeka mwili mzima, mtoto akakimbia kuita jirani. Jirani akasema ni kifafa. Mama mkwe akasema ni mkono wa mtu. Hospitalini daktari aliniangalia macho na mikono, akauliza, "Mama, unakunywa kiasi gani?" Nikalia mbele ya watu. Nililazwa, wakanipa dawa na sindano za vitamini, na tangu wakati huo sijaonja.

Kuna mteja wangu wa siku nyingi, mama wa heshima zake, sikujua kwamba naye aliwahi kunywa. Alinikuta nimejiinamia akanieleza habari za AA, vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe. (Mume wangu niliposema naenda AA alidhani nataka kujifunza gari, maana kuna shule ya udereva inayoitwa hivyo.) Nilienda. Ni chumba nyuma ya kanisa moja upande wa Nyali, wanaume wamejaa, mwanamke ni mmoja tu, mtu mzima. Kila mmoja anataja jina lake la kwanza kisha anasema, "Mimi ni mlevi." Zamu ilipokaribia kunifikia nilijifanya napokea simu, nikatoka, nikapanda matatu.

Sasa nisaidie. Kwa nini nijiite mlevi na nimeshaacha? Na Mombasa hii ni ndogo. Nikisema leo, kesho si Kongowea nzima itajua? Mume wangu naye anasema nisihangaike na watu nisiowajua, yeye na watoto wanatosha. Akiwa safarini hupiga simu kila jioni saa kumi na mbili kuuliza kama nimekunywa, na Shangazi, sijui niseme vipi, simu ile ndiyo hunitia hamu ya kunywa. Mama mkwe kwanza anataka nifunge siku saba kwa maombi, tena amenunua unga kwa mtu, eti ukitiwa kwenye chai bila mlevi kujua, ataichukia pombe. Siku hizi naogopa kula kwake.

La mwisho hata mume wangu hajui. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha akina mama. Nilichota pesa za chama kidogo kidogo nikanywea. Mgao ni Desemba. Nimewaza nisimame mbele ya wenzangu niungame yote, pombe na pesa, wanisamehe, halafu wao ndio wawe kikundi cha kunishika mkono, maana ni marafiki zangu wa miaka. Nifanye hivyo?

Msusi, Bamburi

*

Marahaba mwanangu,

Nitaanza na unga, kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja wiki moja na huo hauwezi. Chai ya nyumba ile usiinywe mpaka uimimine mwenyewe. Unga wa kuuzwa kwa siri hakuna ajuaye una nini. Huenda ni majani yaliyosagwa tu, huenda ni disulfiram, dawa halali ya hospitali, iliyopondwa. Disulfiram inauzuia mwili kumaliza kuivunja pombe, kwa hivyo ukinywa sumu inajaa kwenye damu: uso unawaka, moyo unadunda, unatapika, presha inashuka, na mwenye moyo dhaifu anaweza kufa. Ndiyo maana daktari humpa mtu aliyekubali kwa kinywa chake, na ambaye hajagusa pombe kwa angalau saa 12. Kumtilia mtu kwenye chai bila yeye kujua ni kumtegea. Tena wewe ni msusi, umezungukwa na dawa za nywele zenye spiriti, na mtumiaji wa disulfiram huambiwa ajihadhari hata na manukato. Ukitaka dawa ya kukusaidia, zipo, na mojawapo ni naltrexone ambayo hupunguza ile hamu. Rudi kwa daktari yuleyule umuulize. Aliyejua kuuliza "kiasi gani" badala ya "kwa nini" anaijua kazi yake.

Kilichokuangusha jikoni ni arosto, mateso ya mwili unaponyimwa ghafla kilevi ulichokizoea. Watu wa Pwani neno hili tunalijua kwa mateja, watumiaji wa heroini, tukadhani pombe haina yake. Inayo, na kwa hatari inaizidi ile ya heroini, ambayo humtesa mtu lakini kwa nadra sana humuua. Anayekunywa kila siku ubongo wake umezoea kukandamizwa na pombe. Ukiiondoa ghafla, unaruka kama mtu aliyeachiwa kamba. Mtetemeko na jasho huanza ndani ya saa chache hadi siku moja, degedege la watu wazima huja zaidi katika siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne kuna wanaoanza kuona wadudu ukutani na kuzungumza na wasiokuwapo, homa juu, na wasipotibiwa baadhi yao hufa. Zile sindano za vitamini ni B1, ambayo pombe huimaliza mwilini, na ubongo ukiikosa huharibika kwa namna isiyorudi. Kwa hivyo mwambie mama mkwe maombi unayapokea kwa mikono miwili, lakini siku saba bila chakula hapana, si mwaka huu. Na ikitokea umeteleza ukarudia kunywa kila siku, mwanangu, usijifungie tena. Mwili ulioanguka hivyo mara moja, mara nyingi huanguka vibaya zaidi mara nyingine. Nenda hospitali uachie huko.

Sasa mumeo. Huyo anakupenda, sina shaka. Lakini kila safari yeye hupimwa mizani Mariakani, na naona ameamua kukupima wewe pia, kila jioni, kwa simu. Mtu anayepimwa hujifunza kuonekana mwepesi tu. Ukimjibu "sijanywa" unasikia hakuamini, ukikawia kupokea anahesabu makosa. Angalia pia saa yenyewe. Watu wa vikundi hivi humfundisha mgeni ajiulize mambo manne hamu inapokuja: nina njaa? nina hasira? niko peke yangu? nimechoka? Saa kumi na mbili jioni wewe umesimama tangu asubuhi, umekula mandazi mawili na chai, mgongo unauma, nyumbani hakuna mtu mzima wa kuzungumza naye, na sasa simu imeleta hasira. Yote manne kwa mpigo. Basi kula chakula cha haja saa kumi, hata mteja akiwa kitini na nusu ya kichwa hakijasukwa. Na mumeo mwombe apige akuhadithie foleni ya Malaba, akuulize watoto wamesoma nini, la pombe asiliguse mpaka ulilete wewe.

Anaposema yeye na watoto wanatosha, hapo simkubali kabisa. Fikiria unamwambia, "Leo nilisimama mbele ya duka la pombe nikahesabu pesa." Atageuza lori Mtito Andei. Hatalala, na kesho atampigia mama yake. Wewe unalijua hilo, kwa hivyo hutamwambia, utabaki nalo, na hamu inayofichwa hukua. Mwambie maneno hayohayo yule mteja wako. Atakuuliza, "Duka gani? Ulikuwa umekula?" Kwake hiyo ni habari ya kawaida ya Jumanne. Hana cha kupoteza ukisema kweli, na huwezi kumdanganya, kwa sababu hata hiyo chupa ya chai pengine alikuwa na yake.

Kikundi kile chenyewe kilianza kwa mtu aliyekuwa na shida kama yako ya saa kumi na mbili jioni. Mei 1935, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa amekwama katika mji wa Akron, jimbo la Ohio. Alikuwa na miezi mitano tu bila pombe baada ya miaka ya kulazwa na kutolewa hospitalini. Mpango uliomleta ulikuwa umeharibika, mfukoni hakuna kitu, na ukumbini mwa hoteli upande mmoja kuna baa yenye vicheko na upande wa pili kuna simu. Akaifuata simu. Akapiga kwa viongozi wa dini wa mji ule akiomba jambo la ajabu: atafutiwe mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akapelekwa kwa daktari wa upasuaji, Robert Smith, ambaye mikono yake ilitetemeka kama yako, na yeye alitakiwa kukishika kisu. Daktari alisema atampa mgeni robo saa. Walikaa saa sita. Smith alikuwa ameshasikia mahubiri na mawaidha ya madaktari wenzake hadi yakamchosha. Huyu alikuwa wa kwanza kumweleza ulevi kutoka ndani. Aliteleza mara moja baada ya hapo. Glasi yake ya mwisho aliinywa tarehe 10 Juni 1935, na hakunywa tena mpaka alipofariki mwaka 1950. Siku hiyo ya Juni ndiyo Alcoholics Anonymous huihesabu kuwa siku yake ya kuzaliwa.

Ninachotaka ukione hapo ni kwamba Bill hakwenda kumwokoa daktari. Alikwenda ili yeye mwenyewe asiingie baa. Wale wanaume waliojaa chumba cha Nyali hawakuwa wanakungoja wewe wakuhukumu. Mgeni anapoingia anatetemeka, mwenye miaka kumi bila pombe hukumbuka mikono yake ilivyokuwa, na jioni hiyo amepata alichokifuata. Wewe ulikuwa unawasaidia na hukujua.

Wapo watakaokuambia hayo ni maneno matupu, watu kukaa wakilia pamoja. Mwaka 2020 watafiti walikusanya tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000, wakalinganisha AA na tiba zinazowaingiza watu humo na matibabu mengine ya kitaalamu. Katika kumfanya mtu akae bila pombe kabisa, njia ya AA ilikuwa sawa na hayo mengine au ikayapita. Nyingi zilifanywa nchi tajiri, si Bamburi. Lakini kinachofanya kazi hapo hakihitaji utajiri: mtu anabadilisha watu wanaomzunguka, na jioni akibanwa ana namba ya kupiga. Ada hakuna. Huzungushwa kikapu cha hiari cha kununulia majani ya chai, na mgeni akikipitisha bila kutia kitu hakuna anayemtazama.

Sasa lile la kujiita mlevi. Hakuna anayekulazimisha. Sharti la kuwa mwanachama ni moja tu, kutaka kuacha kunywa, na hilo halina fomu wala daftari la majina. Zamu ikikufikia sema jina lako, useme leo nasikiliza, basi. Watajibu "karibu" na zamu itasonga. Nakwambia ukweli wangu, mimi mwenyewe silipendi neno lile kwa mwanamke, kwa sababu mitaani kwetu mwanamume akiitwa mlevi watu hucheka, mwanamke akiitwa hivyo hunyang'anywa watoto. Lakini nakuonya na lile ulilonalo wewe, "nimeshaacha". Aliyesema ameshaacha ndiye harusini, mwezi wa nane au wa tisa, hujiuliza glasi moja ina nini. Kule hawatakuomba kiapo cha maisha. Wataomba leo tu usinywe, na kesho watakuomba tena.

Kuhusu siri, nisikudanganye kwamba kuna sheria itakayomfunga mdomo mtu. Kinachowafunga ni kwamba kila aliyeketi pale ana jina la kulinda, na akikutaja wewe Kongowea ataulizwa alikuonea wapi. Kwa miaka mingi hilo limefanya kazi vizuri kuliko viapo. Hata hivyo usimwage kila kitu siku ya kwanza. Hadithi ya pesa, kwa mfano, si ya chumba kizima, ni ya mtu mmoja. Nyali ikikutia hofu, hudhuria mkutano wa upande mwingine wa mji. Mikutano ya kwa simu na kompyuta ipo usiku na mchana, mingi kwa Kiingereza, na humo unaweza kuzima kamera ukasikiliza huku unakunja nguo. Nakushauri isiwe hiyo peke yake. Mtu uliyeshikana naye mkono ni vigumu zaidi kumkimbia.

Kuwa mwanamke peke yako katikati ya wanaume si jambo dogo, wala sisemi ulikimbia bure. Marty Mann alipoingia mkutano wake wa kwanza mwaka 1939, nyumbani kwa Bill huko Brooklyn, wanawake katika harakati ile walihesabika kwa vidole. Aliandika baadaye kwamba aliingia akitetemeka. Kuanzia 1944 alizunguka Marekani nzima akieleza hadharani, kwa jina lake, kwamba ulevi ni ugonjwa unaotibika na kwamba wanawake nao huugua. Sikwambii uwe yeye. Nakwambia yule mtu mzima uliyemwona peke yake Nyali naye ana siku yake ya kwanza, na huenda amengoja muda mrefu aingie mwanamke wa pili. Enda na mteja wako, mkae karibu na huyo mama. Katika kundi hilo mwanachama mpya hupata mtu mzoefu wa kumshika mkono hatua kwa hatua, na desturi ni mwanamke kwa mwanamke. Wanamwita sponsa. Mweleze mumeo mapema ni nani huyo, kabla hajasikia ukisema kwenye simu kwamba sponsa wako amekuambia umpigie usiku. Na mwanamume yeyote, hata awe na miaka ishirini bila pombe, akitaka kukurudisha nyumbani kwa gari lake au kukufariji pembeni, mwambie asante, matatu zipo. Wengi wao ni watu wema. Wachache si wema, na wanajua mgeni ana moyo laini.

Kuna swali hukuliuliza, lakini wasomaji wangu wengi wataliuliza. Mkutano kuwa nyuma ya kanisa hakuufanyi kuwa wa kanisa. Chumba hukodishwa tu. Hatua 12, mwongozo ambao wanachama wa AA huufuata, zinamtaja Mungu, kila mmoja kadiri anavyomwelewa, na Waislamu wapo humo, na wasioswali wala kusali wapo.

Mumeo naye ana pa kwenda, kama atataka. Tangu 1951 kuna Al-Anon, vikundi vya wake, waume na ndugu wa wanywaji, vilivyoanzishwa na akina Lois, mke wa Bill, waliochoka kunusa vikombe. Muulizie kwenye mkutano wako. Na usiku ukibanwa, mteja wako hapokei simu, piga 1192, laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni bure na hupokelewa saa zote; hao pia ndio wa kuuliza kuhusu kituo cha Miritini au kingine ikiwa utahitaji kulazwa kwa wiki kadhaa. Hicho si cha mateja peke yao, waambie wanaosema hivyo.

Nifike kwenye chama. Hapana, usisimame mbele yao. Na hapana, usingoje Desemba.

Umeyafunga pamoja mambo mawili, pombe na pesa, na ni ya watu tofauti. Pombe ni yako. Pesa ni zao, wana haki ya kujua zilipo, na hawana haki ya kujua ulivyoamka asubuhi ukitetemeka. Ukiungama yote kwa pamoja utawaweka mahali pagumu: atakayedai pesa yake ataonekana hana huruma kwa mgonjwa, na atakayekuonea huruma hatasahau pesa yake. Tena wao hawawezi kuwa kikundi chako. Ni marafiki, watakushika siku ya msiba, lakini wakijua watakuangalia kikombe kila mkikutana, na nusu yao baada ya mkutano wataagiza bia na kukuuliza kama inakukwaza.

Katika zile hatua 12, kuandika orodha ya uliowakosea ni hatua ya 8, na kuwalipa ni ya 9. Wageni wengi hurukia ya 9 wiki ya kwanza kwa sababu dhamira inawachoma, wanapokelewa kwa matusi, na jioni wanakunywa. Utaratibu ule una akili yake. Ila deni lako lina tarehe, na tarehe haingoji hatua. Kwa hivyo fanya hivi. Mwambie kwanza yule mama wa mkutanoni, au mteja wako, kiasi kamili, bila kupunguza. Kulisema kwa mtu asiyedai chochote kutakupa sauti. Kisha mwambie mumeo akiwa nyumbani, si kwa simu akiwa barabarani na tani ishirini nyuma yake. Atakasirika, na ana haki, lakini mpango wa kulipa utagusa unga na karo, hauwezi kupangwa nyuma ya mgongo wake. Halafu mwone mwenyekiti na katibu faragha, mwezi huu, ukiwa na sehemu ya pesa mkononi hata ikiwa ni ndogo, na karatasi inayoonyesha utalipa lini zilizobaki. Daftari la hazina na simu ya chama wakabidhi hapohapo, hata wasipokuomba. Usizibe pengo kwa mikopo ya simu. Riba yake itakurudisha dukani kabla ya Desemba.

Mwenyekiti akikuuliza zilienda wapi, sema, "Nilizitumia kwa mambo yangu, nilikosea, na nalipa hivi." Akikushinikiza zaidi, mwambie yaliyobaki unayashughulikia na watu wanaoyaelewa. Wakiamua kukutoa kwenye chama, kubali, na uendelee kuwalipa.

Shangazi